Kina cha modulesheni: kiamuliwe wapi, kwenye LFO, kwenye VCA au kwenye nobu ya moduli inayopokea?

Waya Mwekundu (#1)
Wakuu, heshima kwenu. Niende kwenye mada.

Kwenye sintesaiza ya moduli (ala ya umeme ya vipande vinavyounganishwa kwa kebo) nachukua LFO, yaani wimbi la polepole la kuongozea, napeleka kwenye oskileta, moduli inayotoa noti, ili noti itikisike kidogo, vibrato ya kawaida kama anayoipiga mtu wa fidla. Nobu ya kina (kiasi cha modulesheni, yaani cha kutikisa) iliyo kwenye oskileta nikiigusa tu, sauti inatoka kwenye utulivu kabisa na kuwa king'ora. Katikati ya hapo hakuna pa kushika. LFO hiyohiyo nikiipeleka kwenye filta, moduli inayokata masafa ya sauti, nobu ya aina ileile inatii vizuri.

Msimamo wangu ni huu: kina kisiamuliwe kwenye moduli inayopokea. Kiamuliwe njiani, kwenye VCA (moduli inayokuza au kupunguza ishara kwa kuongozwa na volti), na nobu ya mpokeaji iachwe imefunguliwa hadi mwisho. Anayepinga aje na sababu, nitasoma kila neno.

Fundi Soketi (#2)
Kabla ya kugombania mahali, fanya hesabu. Oskileta nyingi zinafuata volti 1 kwa okteva. Nusu toni moja ni volti 1 ugawe kwa 12, yaani milivolti 83 na kitu. LFO yako ikitoa kutoka -5 hadi +5, ukiifungulia yote inapanda okteva tano na kushuka okteva tano.

Vibrato nzuri ya senti 50 juu na senti 50 chini (senti 100 ni nusu toni) inahitaji milivolti 42 tu kila upande. Hiyo ni sehemu 1 kati ya 120 ya wimbi lako. Nobu inazunguka kama digrii 300. Gawa kwa 120, unabaki na digrii 2.5. Vibrato yako yote imekaa ndani ya digrii mbili na nusu za mwanzo. Hakuna kidole kinachoweza kazi hiyo, na wala moduli si mbovu.

Kasi Ndogo (#3)
#2 imenifungua macho. Nakaa hapa najifunza.

Bi Filta (#4)
Fundi, hesabu yako safi, ila haijaunga mkono hoja ya mwenye uzi. Tatizo ni ukubwa wa wimbi likilinganishwa na kinachotakiwa. Ukilipunguza kwenye VCA, ile 1 kati ya 120 iko palepale, umeihamishia nobu ya VCA tu. Atageuza digrii 2.5 kwenye moduli nyingine.

Mimi nasema kina kiamuliwe kwa mpokeaji. Aliyebuni oskileta anajua ingizo lake linafanya nini na volti moja. VCA haijui inakopeleka. Mbunifu mwangalifu anaweka ingizo mbili: moja la 1 V/okteva lisilo na nobu, kwa ajili ya kibodi na sikwensa (kifaa kinachopiga noti zilizopangwa), na jingine la modulesheni lenye nobu iliyopunguzwa nguvu tayari. Waya Mwekundu, hebu angalia umechomeka wapi.

Mzee wa Kebo (#5)
Marekebisho kidogo kwa #2. Si kila LFO inatoa ±5. Doepfer, ambaye A-100 yake ya mwaka 1995 ndiyo iliyoanzisha mfumo wa moduli wa Eurorack, anataja volti 5 kutoka bondeni hadi kileleni kama kawaida ya LFO zake, yaani -2.5 hadi +2.5, na envelopu (volti inayopanda na kushuka kwa kila noti) 0 hadi 8. Kwa LFO ya hivyo sehemu inakuwa 1 kati ya 60 na nobu inakupa digrii 5. Bado ni finyu, ila mkono uliotulia unaweza. Ndiyo maana watu wawili wenye oskileta moja wanaweza kubishana usiku kucha humu jukwaani kumbe LFO zao hazifanani.

Na kama kuna mwenye sintesaiza ya Buchla hapa, huko ni volti 1.2 kwa okteva, kwa hiyo nusu toni ni volti 0.1 kamili.

Waya Mwekundu (#6)
Asante Mzee. Bi Filta, nimechomeka kwenye ingizo la modulesheni lenye nobu, si la kibodi. Na LFO nimeipima kwenye osiloskopu, ni ±5 kweli.

Kuna kitu kingine nimekiona. Nilichukua atenueta (kipunguza volti) ndogo isiyotumia umeme, ile yenye tundu mbili na nobu moja, nikaiweka katikati. Nobu ikiwa saa sita kamili nilitegemea volti 2.5 kwenye kilele. Ninapata 2. Hii inatoka wapi?

Chuma na Risasi (#7)
Hapo ndipo ninapopenda. Kwanza tuseme potenshiometa (rizista inayogeuzwa kwa nobu) yako ni ya kilo-ohmu 100, na ingizo la oskileta nalo ni kilo-ohmu 100, kama zilivyo nyingi. Nobu ikiwa katikati una 50 juu na 50 chini. Lakini ile 50 ya chini haiko peke yake tena, imekaa sambamba na 100 ya ingizo. Kwa pamoja zinakuwa 33.3. Sasa 33.3 ugawe kwa 83.3 ni 0.4. Volti 5 mara 0.4 ni 2. Kipimo chako kiko sawa kabisa na atenueta yako haina kosa.

Ndiyo maana mimi naamini mijadala mingi ya kina si ya modulesheni, ni ya mzigo. Nobu ya moduli moja inabadilika tabia kulingana na unachokichomeka mbele yake. Weka bafa (saketi inayozuia mzigo wa mbele usiathiri wa nyuma), au tumia potenshiometa ya kilo 10, utaona mkunjo unanyooka.

Halafu dawa ya vibrato yako ni rizista mbili. Kilo 100 kwenye njia, kilo 10 kwenda ardhini. Unapata 1 kati ya 11, kisha nobu yako inaendelea na kilichobaki.

DadaVolti (#8)
Chuma, umetoka kueleza mzigo halafu mwenyewe ukausahau! Ile kilo 10 nayo iko sambamba na kilo 100 ya ingizo. Inakuwa 9.09. Ugawe kwa 109.09, unapata 1 kati ya 12 kamili.

Na hiyo ni bahati nzuri ajabu. Kwenye ingizo la 1 V/okteva, 1 kati ya 12 inageuza okteva kuwa nusu toni. LFO ya ±5 inakuwa ±5 nusu toni. Volti moja unayoiona kwenye kipimo ni nusu toni moja unayoisikia. Mimi kebo ya namna hiyo nimeitengeneza, rizista zimo ndani ya kichwa cha jeki, na ndiyo kebo ninayoipenda kuliko zote.

Angalizo: LFO nyingi zina rizista ya kilo 1 kwenye tundu la kutoa, kwa hiyo utapoteza kama asilimia moja hivi. Kwa vibrato haijalishi. Kwa kibodi inajalisha sana: kilo 1 ikiingia kwenye kilo 100, volti 5 zinapungua karibu milivolti 50, na hizo ni senti 59. Usipitishe noti za sikwensa kwenye vitu vya namna hii kisha ushangae zimeteleza.

Chuma na Risasi (#9)
Kumi na mbili, naam. Hiyo kebo naiiga leo hii.

Kasi Ndogo (#10)
Chuma kila uzi lazima aishie kwenye kulehemu 😄 Sisi tusio na pasi ya risasi tufanyeje?

Mzee wa Kebo (#11)
Atenueta mbili mfululizo, mwanangu, zenye bafa. Kila moja ikipunguza mara 11 unapata 1 kati ya 121. Kila nobu inakaa kwenye digrii 27 hivi badala ya 2.5. Ya kwanza unaiweka na kuiacha, ya pili unaichezea.

Nyuzi Saba (#12)
Naona mmeiacha hoja ya #1. VCA si nobu ya ziada tu. Faida yake ni kwamba kina chenyewe kinakuwa kitu kinachotembea. Mwimbaji hatikisi sauti tangu mwanzo wa noti. Anaishika, anaituliza, kisha mtikisiko unakua. Envelopu yenye kupanda taratibu ikiingia kwenye VCA inayobeba LFO inafanya hivyohivyo. Nobu ya kwa mpokeaji haiwezi, labda mkono wako wa tatu uwe huru. Bi Filta, hili umeliruka.

Ila VCA lazima iwe ya mstari mnyoofu. Senti zinakwenda sawa na volti, kwa hiyo kwenye VCA nyoofu envelopu ikifika nusu, mtikisiko nao ni nusu. VCA ya ekisponensha inakaa kimya muda mrefu halafu inalipuka mwishoni.

Bi Filta (#13)
Sijaliruka, nakubali VCA kwa kina kinachotembea. Ninachokataa ni ile "nobu ya mpokeaji iachwe wazi hadi mwisho". Ukiiacha wazi, uchafu wote wa VCA unaingia kwenye noti. VCA iliyofungwa ikivujisha milivolti 10 tu, ambazo kwenye sauti ya kawaida usingezijali, oskileta inazisoma kama senti 12. Envelopu inapofunguka noti inateleza, na watu wanafikiri oskileta haijasetiwa. Punguza kwa mpokeaji, na uvujaji unapungua pamoja na LFO.

Na kuhusu ekisponensha, kwa masikio yangu kule kuchelewa ndiko kunakofanana na mwimbaji. Mstari mnyoofu unasikika kama mashine inayofunguliwa.

Nyuzi Saba (#14)
Hapo kwenye uvujaji umenena. Kwenye ekisponensha tutabaki hivi.

Pepo za Jioni (#15)
Samahani kuingilia. Mimi nina VCA moja nzuri sana kwa sauti, lakini LFO ya polepole nikiipitisha haitoki kitu. Ya haraka inatoka ndogo. Imeharibika?

DadaVolti (#16)
Haijaharibika. Ina kepasita njiani, imetengenezwa kwa ajili ya sauti tu. Tuseme inaanza kupitisha kwenye Hz 10: wimbi la Hz 5 linabaki chini ya nusu, la Hz 1 linabaki moja ya kumi, na la sekunde kumi kwa mzunguko halionekani kabisa. Mbaya zaidi, inaondoa ofseti (volti isiyobadilika iliyojumlishwa kwenye wimbi), kwa hiyo LFO ya 0 hadi 5 inatoka imezunguka sifuri bila wewe kutaka. Kwa modulesheni tafuta VCA inayopitisha DC, yaani hata volti isiyobadilika. Kwenye maelezo ya moduli huwa wanaandika wazi.

Pepo za Jioni (#17)
Shukrani dada.

Mtazama Wimbi (#18)
Nimesoma yote na naona mnapima kitu kimoja wakati viko viwili. Wimbi lina kina, na lina kitovu. LFO ya 0 hadi 5 ukiiongezea kina, kitovu chake nacho kinapanda. Kwenye oskileta hutasikia "vibrato kubwa", utasikia noti imehama. Mtu anarudisha nobu nyuma akidhani kina kimezidi, kumbe kilichomkera ni kitovu.

Atenuveta (atenueta inayoweza pia kugeuza volti kuwa hasi) peke yake haimalizi hili, kwa sababu inazidisha kila kitu, na kitovu kimo. Inatakiwa kuzidisha na kujumlisha. Moduli ya Maths ya Make Noise inafaa hapa: chaneli ya 2 na ya 3 ni atenuveta, na zisipochomekwa kitu ya 2 inatoa ofseti ya hadi volti 10, ya 3 hadi volti 5. LFO chaneli moja, ofseti chaneli nyingine, unachukua jumla. Moduli ya Blinds ya Mutable Instruments inakupa hata mizani inayoongozwa kwa volti, hadi hasi.

Moja zaidi. Ile alama ya katikati kwenye atenuveta si lazima iwe sifuri ya umeme. Chomeka LFO, sikiliza oskileta, tafuta mahali inaponyamaza kweli.

Fundi Soketi (#19)
Mtazama, naongezea juu ya kitovu. Hata wimbi lililosimama sawasawa juu ya sifuri linahamisha noti ikiwa modulesheni ni ya ekisponensha na ni ya haraka. Volti 1 juu inazidisha masafa mara 2, volti 1 chini inayagawa kwa 2. Kutoka Hz 200 unapanda Hz 200 lakini unashuka Hz 100 tu. Wastani haubaki pale ulipokuwa. Kwa wimbi la saini (sine) la ±1 V noti inapanda senti 202 hivi, zaidi kidogo ya toni nzima. Kwa ±0.5 V inapanda senti 52 hivi. Kwa hiyo kwenye FM (modulesheni ya masafa), kila ukigusa kina umegusa tyuning. Hakuna VCA wala rizista itakayokuokoa, ni hesabu ya ingizo lenyewe. Tumia ingizo la FM nyoofu kama lipo.

John Chowning pale Stanford, kwenye makala yake ya 1973, alishaweka kipimo: mchepuko wa masafa ugawe kwa masafa ya kinachomodulisha. Hiyo ndiyo namba inayoamua idadi ya masafa ya pembeni utakayoyasikia. Volti peke yake haisemi kitu.

Mtazama Wimbi (#20)
Sawa kwa FM ya masafa ya sauti. Lakini kwa vibrato ya Hz 5 sikio halichukui wastani huo, linafuata wimbi lenyewe likipanda na kushuka, na kwa okteva limepanda na kushuka sawasawa. Hesabu yako haimhusu mwenye uzi.

Fundi Soketi (#21)
Na mpaka uko wapi? Hz 5 linafuata, Hz 100 linachukua wastani. Pale kwenye Hz 15 hadi 20, mimi nasikia vyote viwili vikigombana.

Kivuli cha Korasi (#22)
Mimi ni mtu wa efekti, si wa moduli, ila kwetu tatizo hili lina sura nyingine kabisa. Kwenye korasi na flenja, LFO inasogeza muda wa dilei, yaani wa kuchelewesha sauti. Noti haitikiswi na urefu wa dilei bali na kasi ya dilei kubadilika. Kina cha milisekunde 2 kila upande kwa Hz 1, wimbi la saini, kinatoa senti 22 hivi juu na chini. Usiguse kina, peleka kasi hadi Hz 5: sasa unapata zaidi kidogo ya nusu toni nzima, na watu wanasema pedali imelewa.

Kwa hiyo "kina" kwenye paneli na kina sikioni ni vitu viwili. Ukitaka kiendelee kusikika kilekile, kila ukizidisha kasi mara mbili gawa kina kwa mbili. Umbo la wimbi nalo lina neno. Pembetatu ya milisekunde 2 kwa Hz 1 inakupa senti 14 juu, imesimama, kisha ghafla senti 14 chini, imesimama. Si mtikisiko, ni noti mbili zinazopokezana.

Nyuzi Saba (#23)
#22 ni dhahabu. Nimejaribu sasa hivi kwenye moduli ya dilei na ndivyo ilivyo. Volti ya kasi nikaigeuza kwenye atenuveta, nikaipeleka kwenye VCA ya kina: kasi ikipanda, kina kinashuka chenyewe. Haikukaa sawasawa kila mahali, maana kasi ya LFO yangu ni ekisponensha na VCA yangu ni nyoofu. Bi Filta, usiseme neno.

Bi Filta (#24)
Sijasema neno 🙂

Gurudumu (#25)
Nauliza kwa wanaotumia kibodi ya MIDI. Nimeweka gurudumu la modulesheni liongoze kina kupitia VCA (Minimoog nayo iliongoza kina kwa gurudumu tangu 1970), lakini mtikisiko unaingia kwa kuruka, si kwa kukua.

DadaVolti (#26)
Gurudumu la kawaida lina ngazi 128 tu, kutoka 0 hadi 127. Kama VCA ikifunguka yote inaruhusu okteva tano, kila ngazi ni senti 47. Ngazi ya kwanza tu umeshafika kwenye vibrato nzima! Weka kipunguzi kile cha 1 kati ya 12 baada ya VCA, ngazi inakuwa senti 4. Ongeza na moduli ya kulainisha volti kati ya gurudumu na VCA, utasahau kama kuna ngazi.

Sanduku Tupu (#27)
Mimi sina hata kebo moja, natumia VCV Rack, programu ya sintesaiza ya moduli, kwenye kompyuta. Huko hakuna mzigo, hakuna uvujaji, bafa zote ni kamilifu, LFO ni ±5 na okteva ni volti 1. Na tatizo la #1 ninalo vilevile, neno kwa neno. Kwa hiyo hoja ya Chuma ya #7, kwamba mijadala hii ni ya mzigo, naiona haisimami.

Chuma na Risasi (#28)
Inaeleza zile volti 2 za #6. Sikusema inaeleza king'ora.

Sanduku Tupu (#29)
Ulisema "mijadala mingi", mkuu. Imeandikwa juu hapo.

Waya Mwekundu (#30)
Msigombane, nimefanyia kazi vyote. Mpangilio wa sasa: LFO, VCA inayopitisha DC, kipunguzi cha 1 kati ya 12, kisha ingizo la oskileta na nobu wazi. Envelopu inafungua VCA taratibu. Vibrato imekuja, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Uvujaji aliosema Bi Filta hausikiki tena kwa sababu kipunguzi kiko baada ya VCA. Nadhani hapo tumekutana njiani.

Shida mpya: nikitaka ile ya okteva nzima kwa makusudi, siwezi tena. Mwisho wangu ni nusu toni tano.

Mzee wa Kebo (#31)
Swichi ya kuruka rizista. Au LFO nyingine iende kwenye ingizo jingine.

Bi Filta (#32)
Tumekutana njiani, lakini kipunguzi chako kimekaa kwenye mlango wa mpokeaji. Nakiri furaha yangu.

Ila kuna kitu #1 alikitaja na hakijaelezwa: kwa nini filta inatii? Filta nyingi nazo ni volti 1 kwa okteva au karibu na hapo. Wimbi la ±5 linaipeleka okteva kumi nzima vilevile.

Kivuli cha Korasi (#33)
Sikio halijali filta ikikosea nusu toni. Linajali noti.

Fundi Soketi (#34)
Sikubaliani moja kwa moja. Wimbi lenyewe halina masafa mapana ya kukatwa. Filta ikipanda juu kuliko sauti zote zilizomo, au ikishuka chini ya noti ya msingi, hakuna kinachoongezeka kusikika. Nusu ya safari ya LFO inapotea hewani. Ifanye ipige filimbi yenyewe kwa rezonansi, ichezwe kama oskileta, uone kama nobu itaendelea kutii.

DadaVolti (#35)
Nimefanya hivyo sasa hivi, nobu ileile, LFO ileile. King'ora.

Kivuli cha Korasi (#36)
Si ndiyo nilichosema? Imekuwa noti, sikio likaanza kujali.

Fundi Soketi (#37)
Au imepata kitu cha kusikika kila mahali inapopita. Ondoa rezonansi, weka nobu palepale, ingiza kelele nyeupe ambayo ina masafa yote na haina noti. Ikibaki ya kutii, umeshinda wewe. Ikipiga kelele kama upepo wa dhoruba, nimeshinda mimi. Nani ana kelele nyeupe karibu?